Haramia Alitaka Nini? Kutoka Bandari ya Maskati hadi Ngome ya Mombasa

Jioni za Ijumaa nyumbani kwa dada yangu, Al Amerat, huanza kwa kahawa na huishia kwa ubishi. Nyumba iko nyuma ya milima ya Maskati, upande ambao mtu huufikia ama kwa barabara ya Wadi Adai ama kwa ile njia ya mlimani inayopanda kutoka Bausher. Ndani yake lugha hupokezana: Kiarabu kwa wageni, Kiingereza kwa masomo, na Kiswahili kwa bibi na kwa ugomvi. Ijumaa moja ubishi ulihusu haramia asiyewahi kuishi.

Haramia huyo ni Crocodile, mmoja wa waovu wakuu wa One Piece, hadithi ya picha ya Eiichiro Oda iliyoanza kuchapishwa Japani mwezi Julai 1997 na ambayo vijana wa nyumba ile wameikariri kuliko mashairi ya shuleni. Katika nchi ya jangwa iitwayo Alabasta, Crocodile anaonekana na raia kuwa mlinzi wao. Kwa siri, yeye ndiye anayewaibia mvua kwa unga wa uchawi, anayewachochea waasi dhidi ya mfalme, na anayetafuta silaha ya kale iliyofichwa. Zaidi ya hayo, ni haramia mwenye kibali: Serikali ya Dunia imempa ruhusa ya kupora ilimradi awapore wale isiowapenda.

Mpwa wangu alishikilia kwamba Crocodile hakusukumwa na tamaa tu. Aliwahi kuwa na ndoto, akashindwa na mwenye nguvu kuliko yeye, akapoteza imani kwa wanadamu. Silaha ile aliitaka ili siku moja apambane na Serikali yenyewe. Dada yake akaleta nadharia nyingine iliyoenea kwa mashabiki: kwamba siri ya zamani ya Crocodile, anayoijua mwanamapinduzi Ivankov, ni kuwa yeye ndiye mama mzazi wa shujaa wa hadithi. Walibishana kwa ushahidi, kurasa kwa kurasa, kwa nidhamu ambayo ningependa kuiona kwa wanafunzi wa historia. Bibi yao, aliyekuwa akisikiliza kwa sikio moja, akauliza: “Haya, na wale waliokosa mvua? Wao nani anawatafutia nadharia?”

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile, kwa sababu linaigusa kazi yetu sisi tunaosoma historia ya bahari hii. Nasi tuna maharamia wetu, na tumewatungia nadharia kwa karne nne. Wa kwanza ninayemkumbuka kila ninaposhuka kutoka Al Amerat kwenda mji mkongwe wa Maskati ni yule ambaye Wareno walimwita Mirale Bey, yaani Amir Ali Bey.

Mwaka 1581 Ali Bey alitoka upande wa Yemen, iliyokuwa chini ya Dola ya Uthmaniya, akaja na merikebu tatu tu za makasia. Aliivamia Maskati, bandari iliyokuwa mikononi mwa Wareno, kwa nchi kavu na kwa bahari. Wakazi walikimbia, mji ukaporwa, naye akaondoka na mali yake kabla ya jeshi la kumwadhibu kuwasili. Ngome mbili zinazoukabili mlango wa bandari hadi leo, Jalali na Mirani, zilichukua umbo lao la Kireno katika miaka iliyofuata ya 1580, mji ukiwa umekwisha kuonja udhaifu wake. Waswahili husema ukiona vyaelea vimeundwa. Na ukiona ngome, jua kuna aliyeogopwa.

Miaka minne baadaye mtu yule yule alitokea pwani ya Afrika Mashariki. Alikuwa na nguvu ndogo mno, lakini miji ilimpokea kama mjumbe aliyesubiriwa: Mogadishu, Barawa, Faza, Pate, Lamu, Mombasa. Malindi peke yake, rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga 1498, ilibaki upande wa pili. Ali Bey aliwaambia watu kwamba ametumwa na Sultani wa Istanbul na kwamba msafara mkubwa utafuata. Pale Lamu alimkamata nahodha wa Kireno, Roque de Brito, kisha mwaka 1586 akarudi kaskazini na mateka na ngawira.

Jibu la Goa lilikuja mwaka 1587 chini ya Martim Afonso de Melo. Faza iliteketezwa, watu wake wakauawa, minazi yake ikakatwa. Mombasa nayo ikachomwa moto. Hata hivyo Ali Bey alirejea, safari hii kwa merikebu tano. Malindi ilimkatalia kwa mizinga, akaenda Mombasa, akajenga boma la kuulinda mlango wa bandari. Mwezi Machi 1589 alijikuta katikati ya mitego miwili. Baharini uliingia msafara mkubwa kutoka Goa ukiongozwa na Tomé de Sousa Coutinho, ndugu wa gavana wa Goa. Bara, kwenye kivuko cha Makupa, walikuwa wamepiga kambi Wazimba, jeshi la kutoka kusini ambalo lilikuwa limekwisha kuivamia Kilwa. Wareno waliziteka merikebu za Waturuki, Wazimba wakavuka kuingia kisiwani, na watu wakajitupa baharini kuelekea kwa yeyote ambaye angewapokea. Ali Bey alichukuliwa mateka, akapelekwa Goa, kisha Lisbon. Huko, kwa mujibu wa waandishi wa Kireno, akabatizwa.

Alitaka nini mtu huyu?

Nadharia ya kwanza ni ya adui zake. Diogo do Couto, mwandishi wa tarehe za Goa, na João dos Santos, mtawa wa Kidominiko aliyeishi Afrika Mashariki wakati wa matukio hayo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1609, walimwona mwizi wa baharini mwenye bahati, aliyeongozwa na uroho na chuki ya dini. Nadharia hii ina manufaa yake kwa anayeitoa. Ikiwa aliyekuja ni mwizi, basi miji iliyompokea ni washirika wa mwizi, na kuichoma si vita bali ni adhabu.

Nadharia ya pili ilitawala kwa muda mrefu katika vitabu vya karne iliyopita: Ali Bey alikuwa mtu wa kujitafutia, mwenye bendera ya Sultani mlingotini lakini asiye na amri yake mkononi. Ahadi ya msafara mkubwa ilikuwa uongo wa kuwachangamsha wenyeji, na Waswahili walidanganyika. Nadharia hii ni ya upole zaidi kwa miji yetu, ila inaigeuza kuwa mijinga.

Nadharia ya tatu ni ya juzi. Giancarlo Casale, katika makala ya mwaka 2007 na katika kitabu chake The Ottoman Age of Exploration cha mwaka 2010, alimrudisha Ali Bey ndani ya siasa za Dola ya Uthmaniya. Nyuma yake anamwona Hasan Pasha, gavana wa Yemen, na nyuma ya Hasan Pasha kundi la wakubwa wa Istanbul waliotaka kushindana na Wareno katika bahari nzima ya Hindi. Ni mawazo ya zama zile zile zilizozaa mpango wa kuchimba mfereji wa Suez, jambo lililowahi kuagizwa lichunguzwe mwaka 1568. Katika nadharia hii haramia wetu si haramia tena. Yeye ni mkono mrefu wa dola, na Mombasa ilikusudiwa kuwa kituo cha kuufunga mlango wa magharibi wa bahari.

Mimi naona nadharia ya tatu ina nguvu kuliko mbili za mwanzo, na sababu yangu ni rahisi: mwizi hajengi boma. Anayetafuta ngawira huja na pepo za msimu na kuondoka nazo. Ali Bey wa mwaka 1589 alikuja kukaa. Hata hivyo nadharia zote tatu zinafanana kwa jambo moja, nalo ndilo alilolinusa bibi yule wa Al Amerat. Zote zinamtazama mtu mmoja na kuuliza moyoni mwake mlikuwa na nini. Miji inabaki kuwa jukwaa alilosimama juu yake.

Tuigeuze taa. Mombasa ilikuwa imechomwa na Francisco de Almeida mwaka 1505, ikachomwa tena na Nuno da Cunha mwishoni mwa miaka ya 1520. Mji wenye kumbukumbu hiyo haukuhitaji kudanganywa ili umkaribishe adui wa Wareno. Meli za wafanyabiashara wa pwani zililazimishwa kubeba hati za Kireno; isiyo na hati iliweza kutekwa, na aliyeiteka hakuitwa haramia. Mizani hiyo ndiyo iliyoifanya Pate na Lamu kumfungulia Ali Bey bandari. Malindi nayo ilikuwa na hesabu yake: udogo wake mbele ya Mombasa uliponywa kwa urafiki na Goa. Katika miaka ya 1590 hesabu hiyo ikalipa, pale ukoo wa Malindi ulipowekwa kutawala Mombasa yenyewe, na mwaka 1593 ujenzi wa Ngome ya Yesu ulipoanza kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati.

Watu hawa walikuwa na nia, tena nia zinazosomeka kwa urahisi kuliko za Ali Bey. Hazikufichwa, hazikuulizwa tu. Na wao ndio waliolipa. Yeye alimaliza siku zake Ulaya akiwa hai. Mtawala wa Lamu alikatwa kichwa hadharani kule Pate mwaka 1589, na Faza ilikuwa imelipa kwa watu na minazi yake miaka miwili kabla.

Wazimba ni mfano mkali zaidi. Dos Santos aliwaandika kuwa walaji wa watu wanaotembea kutoka mto Zambezi hadi Malindi wakimaliza kila kiumbe njiani, bila sababu isipokuwa njaa ya nyama. Hapo uovu umekuwa nia yenyewe. Karne nne baadaye, Edward Alpers alipendekeza maelezo mengine katika Ivory and Slaves, kitabu cha mwaka 1975: mtawala Lundu, wa upande wa mto Shire, alizibiwa njia ya biashara ya pembe za ndovu na Wareno, na Wazimba walikuwa mkono wake wa vita. Wengine, akiwemo Malyn Newitt, wamepinga namna historia hiyo ilivyopangwa. Ubishi wao ni mzuri, lakini hata nadharia nzuri ya pembe haiwarudishi watu wa Kilwa. Kumwelewa mshambuliaji ni kazi moja. Kumhesabu aliyeshambuliwa ni kazi nyingine, na ya kwanza haiwezi kuifuta ya pili.

Yupo haramia mwingine ambaye mpwa wangu angempenda zaidi, kwa kuwa maisha yake yamekaa kama sura ya kumbukumbu za utotoni ambazo Oda huwapa waovu wake kabla ya kuwaangusha. Huyu ni Yusuf bin Hasan, wa ukoo ule ule wa Malindi uliopewa Mombasa. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na nahodha wa ngome, akakimbilia Rabai, na huko akauawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Mtoto alichukuliwa Goa, akalelewa na watawa wa Kiagustino, akabatizwa Jerónimo, akafunzwa vita vya baharini katika meli za waliomuua baba yake, akaozwa, kisha akarudishwa Mombasa kuwa mfalme Mkristo. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua nahodha Pedro Leitão de Gamboa, akatangaza Uislamu, na Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa, Wareno na Waafrika. Msafara wa Goa ulishindwa kuirudisha ngome kwa nguvu. Lakini mwaka 1632 Yusuf mwenyewe aliiacha, akachukua merikebu, akawa haramia kati ya Arabuni, Komoro na Madagaska hadi alipofariki mwaka 1638.

Ali Bey alianza Mwislamu na kumalizia Mkristo mjini Lisbon. Yusuf alianza Mwislamu, akafanywa Mkristo, akarudi Mwislamu. Ni kana kwamba bahari iliwapitisha mlango mmoja kwa pande tofauti. Na kwa Yusuf pia nadharia hazikukosekana. Kanisa la Goa lilifungua uchunguzi kwa lengo la kuwatangaza waliouawa kuwa mashahidi wa imani, na maelezo ya mashahidi wa macho yalihifadhiwa, G. S. P. Freeman-Grenville aliyachapisha mwaka 1980. Katika kesi ya aina hiyo nia ya muuaji ni lazima iwe chuki dhidi ya dini, kwani bila chuki hiyo aliyekufa si shahidi bali ni maiti wa vita. Lakini ndani ya ushahidi huo huo imo habari kwamba Yusuf alionekana usiku kwenye kaburi la baba yake, akisali kwa namna ya Kiislamu, na kwamba nahodha alikusudia kumpeleka Goa akahukumiwe. Mwana aliyeporwa baba, anayemzuru gizani! Msomaji wa Kiswahili akifika hapo moyo wake humwendea Yusuf mara moja. Wangu pia humwendea.

Hapo ndipo tunapaswa kusimama. Kaburi lile linaeleza mengi, ila halielezi kila aliyekufa ngomeni, wakiwemo Waafrika waliobatizwa ambao hawakuwa na sehemu yoyote katika mauaji ya Rabai. Nadharia ya nia iliyofichika ina utamu wake: humrudishia mwovu ubinadamu, nalo ni jambo jema. Hatari yake ni kwamba ubinadamu ni kama blanketi fupi. Ukimfunika mmoja vizuri, mwingine hubaki na miguu nje. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mtawa aliivuta upande wa imani, mwanahistoria wa dola akaivuta upande wa Istanbul, nasi twaivuta upande wa kaburi.

Nisingejisumbua kuandika haya kama suala lingekuwa la karne ya 16 na ya 17 tu. Nyumba ile ya Al Amerat, kama nyumba nyingi za Maskati ambamo Kiswahili bado kinasemwa mezani, ipo pale kwa sababu ya Januari 12, 1964. Katika nyumba hizi Mapinduzi ya Zanzibar yana mwovu wake, John Okello, Mlango kutoka Uganda aliyejiita Jemadari. Naye ametungiwa kila nadharia: alikuwa mwendawazimu, alikuwa wakala wa Kuba, alikuwa kinyago cha mbele kilichowaficha wapangaji wa Tanganyika. Hiyo ya mwisho ilikusanyiwa shuhuda nyingi na Harith Ghassany katika Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, kitabu cha mwaka 2010 ambacho hakika kilisomwa upande huu wa bahari. Na upande wa pili, katika vitabu vya shule na hotuba za kila Januari, mwovu ni Mwarabu, ambaye nia yake haihitaji nadharia kwa kuwa inadhaniwa imo katika damu.

Nadharia hizi zina mahali pake, na zinastahili kupimwa kwa ushahidi kama mpwa wangu anavyopima kurasa za Oda. Lakini nimeona jinsi zinavyotupumzisha. Tukishampata mpangaji wa siri, hatulazimiki tena kuutazama uchaguzi wa Julai 1963, ambapo Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya nusu ya kura na bado ikabaki na viti 13 dhidi ya 18 vya muungano wa ZNP na ZPPP. Hatulazimiki kuuliza ardhi ilikuwa ya nani, wala nani alikuwa mtumwa wa nani katika kumbukumbu za familia za shamba. Na wenzetu wa upande wa pili, wakishaupata uovu wa damu, hawalazimiki kuwahesabu waliouawa majumbani mwao, wala kuuliza walikuwa na kosa gani.

Katika hadithi ya Oda ipo karne moja tupu. Serikali ya Dunia imeifuta miaka mia ya historia, na kisiwa cha Ohara, walikoishi wanazuoni waliojaribu kuisoma, kikateketezwa. Vijana wa Al Amerat wanalielewa jambo hilo bila kuelezwa. Wamekulia katika nyumba ambamo baadhi ya miaka hutajwa kwa sauti ya chini.

Wiki iliyofuata nilimchukua mpwa wangu bandarini Maskati, tukasimama mahali panapoonyesha Jalali na Mirani kwa pamoja. Nilimsimulia habari za Ali Bey, kisha za Yusuf, na jinsi Waomani walivyoiteka Maskati kutoka kwa Wareno mwaka 1650 na Ngome ya Yesu mwezi Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Nilitarajia aulize Ali Bey alikuwa wakala wa nani hasa.

Aliuliza: “Mjomba, wale watu wa Faza, walikuwa wangapi?”

Nikamwambia hilo ndilo swali la bibi yake. Tukarudi Al Amerat kabla ya magharibi, na njia nzima ya Wadi Adai alikuwa akijaribu kukadiria mji wenye minazi ile yote ungeweza kulisha watu kiasi gani.